Mawese kwa Ndege wa Schaerbeek

Karatasi ilitoka kwenye mkoba wa binti yangu ikiwa imekunjwa mara nne na kupakwa chokoleti pembeni. Ilikuwa Jumanne jioni, mwezi wa kwanza, katika mojawapo ya ile miaka ambayo theluji iliiangukia Brussels ikakataa kuondoka. Mwalimu wake alikuwa ameandika kwa Kifaransa kwamba kila familia itengeneze nyumbani kitu cha kulishia ndege wakati huu wa baridi, watoto wakishiriki, na kwamba Ijumaa ya wiki iliyofuata vyote vingetundikwa kwenye miti ya uwanja wa shule. Chini ya maneno hayo alichorwa ndege mnene aliyevaa skafu.

"Kila mutu anafanya," binti akaniambia. Alikuwa na miaka saba, na "kila mutu" ndiyo iliyokuwa sheria yake kuu.

"Ndege ya nani?" nikauliza.

"Ya inje, maman. Ile iko bila nyumba."

Mdogo wake, mvulana wa miaka minne, akadakia kwamba yeye atalisha tai.

Mama yangu alikuwa amekaa kando ya radiateur, kile chuma cha ukutani cha kupasha nyumba joto, ndani ya koti langu zito, na kitenge juu ya koti. Alikuwa na majuma matano tu tangu atoke kwetu, katika uwanda wa Ruzizi, kaskazini ya Uvira, na viza yake ilimpa miezi mitatu. Kabla ya hapo nilikuwa sijamwona kwa miaka minane.

"Karatasi inasema nini?" akauliza. Nikamtafsiria.

"Ngoja. Ndege?"

"Ndiyo, maman."

"Hawa hawa ndege?"

"Hawa hawa."

"Muwapatie chakula?"

"Ni mwalimu ameomba."

Mama akaigeuzia radiateur uso, kama mtu aliyeletewa habari za msiba wa mbali.

Nilimwelewa. Kwetu, mpunga ukianza kujaa, watoto hupungua darasani. Mimi mwenyewe nilipanda dunguni alfajiri nyingi, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, nikiwa na kamba mkononi iliyofungwa makopo mpaka pembe zote nne. Kundi la ndege likitua, unavuta kamba, makopo yanalia, ndege wanaruka, wanazunguka, wanatua upande mwingine. Unavuta tena. Kazi hiyo ya kuamia ndege ilidumu mpaka jua lizame, na aliyesinzia aliona matokeo yake miezi mitatu baadaye, ndani ya sufuria. Mama yangu ndiye aliyekuwa bingwa wa upande wetu. Hakuhitaji makopo. Alikuwa na ukelele wake mmoja, unaoanzia chini tumboni na kumalizikia juu kabisa, ambao watu waliokuwa wakipita barabara kuu walisimama kuusikiliza.

Na sasa mwanamke huyo alikuwa akikaa siku nzima mahali pamoja. Juma lake la kwanza aliteleza kwenye barafu mbele ya mlango wa jengo letu. Hakuumia, lakini aliinuka akisema, "Hii inchi yenu iko na sabuni chini," na tangu siku hiyo hakutoka tena. Baba watoto alifanya kazi katika ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, hata Jumamosi. Mimi nilikuwa nikitunza wazee katika nyumba ya wazee. Kila asubuhi niliwaosha mama za watu, nikawachana nywele, nikawauliza walilalaje, huku mama yangu mwenyewe nikiwa nimemwachia thermos ya chai na televisheni ya lugha asiyoijua. Jambo hilo lilinikaa kifuani ndani ya tramu, kwenda na kurudi.

Watoto nao walikuwa hawajamzoea. Walimwita koko, kama watoto wengi Wakongo wa hapa wanavyomwita nyanya yao, wakampa busu alipoomba, basi. Mvulana alinong'ona siku moja kwamba koko ananuka moshi. Ilikuwa kweli. Nguo zake zote zilikuwa bado na harufu ya jiko letu la kuni, na mimi nilizinusa kwa siri kila nilipozikunja.

Jumatano shule hufungwa adhuhuri, na siku hiyo sikuwa kazini. Tukaenda bustani ya Josaphat kuokota koni za misonobari, yale matunda makavu yenye magamba, kwa kuwa karatasi ilisema ndizo rahisi kuliko vyote. Tulizipata chini ya theluji, zimelowa na kujifunga kama ngumi. Wakati wa kurudi tukaingia kwa Mturuki mwenye bucha pale kwenye kona, nikaomba mafuta ya ng'ombe.

"Unatengeneza sabuni?" akaniuliza.

"Ni ya ndege," mwanangu akamjibu kwa Kifaransa. "Wana njaa, na hawana friji."

Yule bwana akaangua kicheko, akatufungia mfuko mzima na kukataa kulipwa.

Nyumbani tulizipanga koni juu ya radiateur ya mama ili zikauke. Baada ya nusu saa zikaanza kufunguka, gamba kwa gamba, zikilia ta, ta, ta. Mama akasogeza kiti.

"Vitu vyenu vinasema," akasema.

Nilipoyeyusha mafuta nyumba nzima ilinuka kama sherehe ya Noeli. Binti alishika karatasi ya mwalimu akawa anatuamrisha: kwanza paka mafuta, alors mbegu, kisha kamba. Tulipaka kwa vijiko, kisha kwa vidole, kisha kwa viganja. Tukazigaragaza koni katika mbegu za alizeti na shayiri. Mvulana aligaragaza moja, akala kiganja kimoja cha mbegu, akagaragaza nyingine. Mbegu ziliingia chini ya kochi, ndani ya soksi, ndani ya kikombe cha chai cha mama. Aliitoa mbegu kwa kidole, akaitazama, akaitia mdomoni.

"Iko na mafuta," akasema kwa Kiswahili cha huzuni. "Iko chakula ya mutu kabisa."

Tulitundika sita kwenye vyuma vya roshani yetu, ghorofa ya tatu, ili kuzijaribu kabla ya siku ya shule. Watoto wakabandika pua kwenye kioo. Hakuna aliyekuja. Alhamisi pia hakuna.

"Labda hawajui adresse," mvulana akasema.

Ijumaa asubuhi, nikiwa nimeinama kumfunga viatu, alininyang'anya mguu wake ghafla. Juu ya koni ya kwanza palikuwa na ndege mmoja, mdogo kama kidole gumba, kifua cha manjano, kichwa cheusi, mashavu meupe. Alikuwa amening'inia miguu juu kichwa chini, akidonoa kwa haraka ya mtu anayeogopa kukosa tramu. Katika Kifaransa anaitwa mésange. Mvulana hakupiga kelele. Alitembea kwa ncha za vidole mpaka kwenye kiti kando ya radiateur, akamvuta mama yangu kitenge.

"Koko," akanong'ona. "Koko, kuya uone."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha bila kuagizwa. Mama akainuka na koti lake lote, akaja, akasimama nyuma ya mtoto mbele ya kioo. Walikaa hivyo muda mrefu. Tulichelewa shule.

"Kamoja hivi," mama akasema mwishowe, "hakawezi kumaliza mupunga ya mutu."

Niliporudi kutoka kazini jioni nilikuta koni mbili zimeanguka, tatu ziko uchi kabisa, moja tu ya pembeni ikiwa na mafuta kidogo. Roshani ilikuwa imejaa mavi ya ndege. Binti alikuwa amelala kifudifudi kwenye kochi akilia, na mama akasimama kunipa ripoti kama askari wa zamu. Alikuwa ameona kila kitu kupitia kioo.

"Kwanza, njiwa. Wanene, wanatembea kama bachefu wa kijiji. Wamesukuma wale wadogo. Kisha wakakuja wale wa kijani."

"Kasuku?"

"Kasuku! Saba. Nilihesabu. Wanapiga makelele kama wanawake wa soko. Mimi najiuliza, kasuku anafanya nini kwa theluji?"

Kasuku hao wako kila mahali katika jiji hili. Watu husema waliachiliwa zamani kutoka kwenye kizimba fulani, wakazaana. Nilimweleza hivyo, lakini hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akimtazama mjukuu wake anayelia. Macho yake yalikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu afike. Mama alikuwa amekasirika, na hasira ilimfanya aonekane mzima kabisa.

Kesho yake, Jumamosi, niliamshwa na harufu. Nilimkuta jikoni, koti amelivua, mikono ya blauzi ameikunja mpaka juu ya kiwiko. Katika sufuria yangu kubwa yalikuwa yakiyeyuka mawese, yale mafuta mekundu ya michikichi. Si mawese ya dukani. Yalikuwa yale aliyoyaleta mwenyewe kutoka nyumbani, ndani ya bidoni, dumu la plastiki, aliyoifunga kwa vitenge viwili na kamba ya katani, na ambayo tangu afike alikuwa akinipimia kwa kijiko, kwamba yasiishe kabla hajaondoka.

"Maman! Mawese yako!"

"Mafuta ya yule Mturuki si imekwisha? Na hii baridi yenu, mawese itakuwa ngumu kama jiwe." Alikoroga bila kunitazama. "Wale wadogo tu. Wale wadogo, nawapatia. Njiwa hapana. Kasuku hapana."

Alikuwa amekwisha kulifikiria jambo lote. Alichukua nyavu nyekundu zinazouziwa machungwa, akazikunja mara mbili ili matundu yawe madogo. Mdomo mwembamba ungeingia, mdomo mpana ungebaki nje. Akawaita watoto. Hakuwa na Kifaransa, wao walikuwa na Kiswahili cha kuombea chakula tu, lakini asubuhi ile sikusikia mtu akikosa kueleweka. Binti alimwaga mbegu na makombo ya mkate. Mvulana alikoroga, akisimama juu ya kiti, mikono ya koko ikiwa juu ya mikono yake. Walifinyanga matonge makubwa kama ya ugali, wakayatia nyavuni. Wote watatu walikuwa wekundu mpaka kwenye viwiko, na mvulana mpaka kwenye nyusi.

"Sasa tungoje ikauke," mama akasema.

"Hapana, sasa!" watoto wakasema. "Koko, sasa, sasa!"

Na yeye ambaye kwa makosa madogo kuliko hayo alinicharaza mimi fimbo, akafungua mlango wa roshani na kuwakubalia. Yale matonge yakatundikwa yakiwa bado vuguvugu.

Mimi nilikuwa bafuni, naanika nguo, kwa hiyo mengine nilisimuliwa. Mawese yalianza kudondoka. Tone, tone, tone, yakipita kati ya vyuma vyetu na kutua kwenye theluji nyeupe ya roshani ya chini. Wakati huohuo njiwa mmoja, labda mkubwa wao, akaja kutua kwenye ile koni moja iliyobaki. Mama alikuwa mlangoni na mfuniko wa sufuria mkononi. Akatoka nje, akaugonga mfuniko kwa mwiko, na kutoa ule ukelele.

Niliusikia bafuni. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini, nimeshika fulana iliyolowa, na magoti yangu yaliniambia nikimbilie shambani.

Aliutoa mara tatu. Njiwa waliondoka mtaa wetu mzima wa Schaerbeek, nadhani. Watoto walikuwa wakiruka na kupiga mayowe ya furaha. Kisha nikasikia hatua za haraka kwenye ngazi, na mlango wetu ukagongwa kwa ngumi.

Alikuwa madame wa ghorofa ya pili. Kwa miaka minne tulikuwa tumeambiana bonjour na bonsoir, na mara moja alituachia kijibarua kuhusu kigari cha mtoto kilichoziba ngazi. Mzungu mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi, anaishi peke yake. Sasa alikuwa amesimama na ndala za manyoya, simu katika mkono mmoja, na katika mkono wa pili kisanduku cheupe chenye msalaba.

"Nani ameumia?" akauliza kwa Kifaransa. "Niliwahi kuwa muuguzi. Yuko wapi?"

"Hakuna aliyeumia, madame."

"Kuna damu kwenye roshani yangu!"

Kabla sijajibu, mama yangu akatokea nyuma yangu kuona mgeni ni nani. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Yule madame alitazama mikono, akatazama uso, akashika ukingo wa mlango. Mwanangu akajipenyeza katikati yetu, nyusi nyekundu, kidevu chekundu, akitabasamu.

"Ni kwa ajili ya ndege," akamweleza.

Mwanamke yule akawa mweupe kuliko theluji yake. Nilimshika mkono, nikamwongoza ndani moja kwa moja, nikipita naye jikoni nikimwonyesha sufuria, bidoni, nyavu, mbegu, nikisema maneno yote kwa mkupuo: huile de palme, mafuta ya michikichi, chakula, kazi ya shule, mama yangu, njiwa. Alichovya kidole kwenye sufuria. Akanusa. Kisha akatoka kwenye roshani, akayaona yale matonge mekundu yakitoa jasho, akainama kuchungulia theluji yake chini. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alipogeuka, alikuwa akicheka mpaka hawezi kusema, na mama yangu, aliyekuwa hajajua kosa lake ni lipi, akaanza kucheka pia, kwa kuwa mwanamke mzima haachwi acheke peke yake.

Nilipomtafsiria mama kwamba mgeni alidhani tumechinja mtu, alikaa chini sakafuni.

"Umwambie," akasema akifuta machozi kwa kiwiko, "umwambie hatujaanza bado." Kisha akamtazama vizuri. "Iko mwembamba sana. Anakulaka nini?"

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mama alimpakulia wali na maharagwe ya jana, akamwagia juu mawese yaliyobaki sufuriani, yale yasiyokuwa na mbegu. Madame alisema hapana, asante, amekwisha kunywa kahawa. Mama akamsogezea sahani. Madame akasema hapana mara ya pili. Mama akamtia kijiko mkononi na kumfungia vidole. Alikula sahani yote, taratibu, na baadaye akaomba kujua harufu ile ni ya nini. Nikamwambia ni ya mawese ya kwetu, yamepikwa kwa kuni.

Jumapili, tuliporudi kutoka misa, mama akasema lazima ashuke kuondoa ile aibu yake kwenye roshani ya mwenzake. Alishuka ngazi kumi na nane akishika ukuta. Mimi nilishuka naye ili nitafsiri, nikakuta hakuna cha kutafsiri: mmoja alishika kisu, mwingine beseni la maji ya moto, wakakwangua. Nilirudi juu kupika. Mama alirudi baada ya saa mbili na nusu, amebeba kitabu cha picha za ndege.

Kuanzia hapo alishuka kila siku saa nne asubuhi, à dix heures, alisema hivyo kwa Kifaransa, maneno yake ya kwanza. Yule madame alikuwa na roshani tupu na darubini. Mama alikuwa na matonge. Waliweka mengine chini pia. Madame alimwonyesha ndege kitabuni, akamtamkia jina, na mama akampa jina la kwetu, au kama hatuna, akalibuni. Yule mwenye kifua chekundu alimwita Padri wa Noeli. Yule mweusi mwenye mdomo wa manjano alimwita Askari wa Parcelle, kwa kuwa hutembea akitazama chini kama anayepima kiwanja. Watoto walipeleka majina hayo shuleni, na sijui mwalimu aliyaelewaje.

Siku ya Jumatano niliporudi na watoto sikumkuta mama ndani, wala ghorofa ya pili. Nilichungulia dirishani nikawaona chini barabarani, wanawake wawili wazee wameshikana mikono, wanatembea kwenye theluji hatua fupi fupi. Mama alikuwa amevaa mabuti ya mwenzake, yenye meno ya chuma chini. Walifika mpaka kwenye bucha. Alipopanda alisema tu, "Hii sabuni yao iko na dawa, kumbe," akavua mabuti na kuyapanga mlangoni kama vitu vya kanisa.

Ijumaa ya shule alikuja nasi, pamoja na madame wa ghorofa ya pili. Wazazi walisimama kwa makundi uwanjani, pumzi zao zikitoa moshi, na watoto wakapita mmoja mmoja na vitu vyao: makasha ya maziwa yaliyokatwa madirisha, karanga zilizotungwa kama shanga, nusu ya nazi. Binti yangu alibeba tonge jekundu kwa mikono miwili. Wenzake walimzunguka wakiuliza kwa nini ni jekundu, akawajibu kwa sauti ya daktari kwamba hayo ni mawese, yanatoka Kongo, na ndege wa hapa walikuwa hawajawahi kula kitu kitamu hivyo. Mwalimu alimsaidia kulifunga kwenye tawi la chini.

Ndipo mdogo wake, aliyekuwa kwenye shule hiyohiyo, darasa la wadogo, akatangaza, "Koko wangu anajua kuongea na ndege."

Mwalimu, msichana mwenye kofia ya sufu, akamgeukia mama kwa heshima. "Kweli, madame? Unaweza kutuonyesha?"

Nilimtafsiria mama. Alinitazama. "Anataka niwaite, au niwafukuze?"

"Sijui, maman."

"Mimi najua moja tu."

Nilipaswa kumweleza mwalimu, nakiri. Sikufanya hivyo. Mama alimpa madame mkoba wake ashike, akatanua miguu kidogo katika theluji, akavuta pumzi. Ule ukelele ulitoka, ukapanda ukuta wa shule, ukagonga madirisha. Shomoro waliruka kutoka kwenye paa, kunguru kutoka kwenye mti wa jirani, kasuku kutoka sijui wapi, hata mbwa wa mtu akabweka barabarani. Hakubaki ndege hata mmoja kwenye uwanja uliopambwa kwa ajili yao. Wazazi waliganda. Watoto wapatao sitini wakapaza sauti wote pamoja wakitaka tena, "Encore!"

Waliufanya wao wenyewe mchana kutwa, mwalimu aliniambia Jumatatu. Alisema bila kukasirika, lakini alisema mara mbili. Ndege walirudi Jumamosi, shule ilipokuwa tupu, na wiki iliyofuata tonge letu jekundu ndilo lililokwisha kwanza. Binti aliandika jambo hilo katika daftari lake na kupiga mstari chini.

Theluji iliyeyuka mwezi wa pili, na mwezi wa tatu siku za viza zikaisha. Tulimsindikiza mama uwanja wa ndege wa Zaventem sote, na madame pia, aliyekuwa amevaa kitenge alichopewa, juu ya koti, amekifunga vibaya. Kwenye mstari wa mizigo wanawake hao wawili walishikana mikono. Mvulana ndiye aliyelia, kwa sauti, ameshika mguu wa koko wake kwa mikono yote miwili, mpaka baba yake akamng'oa.

Jumapili iliyofuata, tulipompigia simu Uvira, madame alipanda ngazi na keki. Aliomba amsalimie. Niliweka simu katikati ya meza, sauti nje, nikajiandaa kutafsiri kama kawaida.

"Bonjour, chérie!" madame akapaza.

"Bonjour, bonjour! Unakula?" mama akapaza kutoka ng'ambo.

Madame akamweleza kwa Kifaransa kwamba mti wa uani umeanza kutoa maua, na kwamba goti lake linamsumbua. Mama akamjibu kwa Kiswahili kwamba mvua imechelewa na kwamba mbuzi wa jirani ameingia tena kwenye mihogo. Madame akasema, "Ah oui, ah oui." Mama akacheka. Madame akacheka. Nilifungua mdomo mara mbili nikitafuta mahali pa kuingilia, sikupata. Mara ya tatu madame aliinua kiganja, bila kunitazama, kuniomba ninyamaze. Nikachukua kisu nikaenda kukata keki.